Pinioni Moja Ndani ya Tani Nne za Chuma

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, mwanamume aliyevaa shati la kola lililopigwa pasi ameketi juu ya debe katikati ya yadi ya vyuma chakavu. Mbele yake lipo lundo la chuma linalomzidi kimo. Anachukua kipande, anakipangusa kwa kitambaa, anakigeuza, anakitupa upande wa kushoto. Anachukua kingine.

Upande wa kulia ametandika gazeti. Hapo ndipo atakapokiweka kile anachokitafuta. Gazeti ni tupu.

Katika kiganja cha kushoto ameshika kigurudumu cha meno kilichovunjika vipande viwili. Vipande hivyo vikiunganishwa, ukubwa wake unazidi kidogo kifuniko cha chupa ya soda. Mafundi hukiita pinioni ya gia. Ndani ya lundo hili imo pinioni nyingine ya aina hiyohiyo, nzima, ambayo haijawahi kutumika. Ana hakika imo, kwa sababu yeye mwenyewe aliitunza kwenye rafu kwa miaka kumi na mitano.

"Imo," anasema bila kuinua kichwa. "Haikuota miguu."

Hatua tatu nyuma yake, kwenye kivuli cha lori bovu, ameketi shemeji yake, mdogo wa mke wake. Amenyoosha mguu wa kushoto, ambao goti lake halikunji. Naye ana kazi: hupokea vigurudumu vyenye utata na kuhesabu meno.

"Kumi na tisa," anasema shemeji, na kukirusha kwenye lundo la kushoto. "Hii ya modeli ya Mke Mwenza. Lete nyingine, bosi. Kuna watu wanalipwa kwa kukaa, mimi nimeanza leo."

Mwanamume wa kwenye debe hacheki. Saa zinamkimbia. Jumatatu asubuhi lundo hili litapakiwa kwenye lori na kupelekwa kwenye tanuri kuyeyushwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja, mtu huyu mwenye umri wa miaka hamsini na sita alikuwa mtunza stoo wa vipuri. Mwajiri wake alikuwa wakala pekee mjini wa pikipiki za Swala. Mafundi walimwita Kamusi. Stoo yake ilikuwa na aina elfu tatu mia nne na kumi za vipuri. Kila kipuri kilikaa katika boksi la kadibodi la kijani, na kila boksi lilibandikwa namba ya tarakimu nane. Kamusi alizijua namba zote kwa moyo.

"Fundi alikuwa akifika dirishani, hajafungua mdomo, namjua ana ugonjwa gani," anasema. "Akiwa ameloa oili mpaka kwenye kiwiko, huyo ni sili ya krenki. Akiwa amenuna, kabureta. Akiwa amekuja na mkewe, basi ameshaharibu pikipiki ya baba mkwe."

Ukimwuliza habari za pikipiki za Swala, hutamsikia akitaja mwaka. Hutaja rafu.

Rafu ya kwanza, iliyokuwa karibu na mlango, ilikuwa ya modeli ya kwanza kabisa. Kiwanda chenyewe, kilichokuwa ng'ambo, kilianza kwa kutengeneza cherehani. Kilikuwa mali ya ndugu wawili, mmoja fundi wa chuma, mwingine mtu wa biashara. Siku moja wakamfungia mchukuzi wao injini ndogo kwenye baiskeli ili aache kisingizio cha kuchelewa. Mchukuzi aliacha kuchelewa, na ndugu wale wakaacha cherehani.

Pikipiki ile ya nguvu ya hamsini ilipofika hapa iliitwa Kuku, maana ilitapatapa sana kabla ya kuwaka. Kiwanda hakikutupa nati zilizobaki za cherehani. Kilizifunga kwenye Kuku.

"Ukipoteza nati ya Kuku, huendi kwa fundi pikipiki," anasema Kamusi. "Unakwenda kwa mshonaji. Na wengine walipona huko."

Baadaye ikaja modeli yenye silinda mbili. Silinda moja ilipowaka vizuri, ya pili ilinuna. Ya pili ikibembelezwa, ya kwanza inazima. Wateja hawakuhitaji kufikiri sana kuiita Mke Mwenza.

Rafu iliyochakaa kuliko zote ilikuwa ya Tarishi, pikipiki ya bluu ya nguvu ya mia moja. Kila ofisi ilikuwa nayo. Ilitengenezwa kwa miaka ishirini na miwili bila kubadilishwa karibu chochote. Haikuwa na madoido wala mbio, na haikufa. Kamusi anaisifu kama mtu anavyomsifu marehemu baba yake, kwa sauti ya chini na kwa kuchagua maneno.

Bi Harusi, modeli ya mwisho, Kamusi haisifu. Ilikuwa nyeupe, kubwa, imejaa vyuma vya kung'aa, na ilikula pesa ya kiwanda kabla haijala ya wateja. Wakati huo ndugu waanzilishi walikuwa wameshazeeka, na watoto wao hawakuketi tena meza moja. Kiwanda kilifungwa miaka tisa iliyopita. Jina lilinunuliwa na watu wengine, ambao sasa hubandika nembo ya swala anayeruka kwenye pikipiki ambazo Kamusi hataki kuzizungumzia.

"Wamenunua ngozi," anasema. "Nyama ilishaoza."

Ipo modeli moja ambayo hajaitaja. Anaiacha mpaka mwisho, na anapoifikia anasimamisha mikono kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kobe ilitengenezwa kwa miaka minne tu. Kiwanda kiliikusudia kwa watu wazima na kwa akina mama waliotaka kupanda pikipiki bila kuharibu viatu. Gia zake hazibadilishwi kwa mguu. Mpandaji huzungusha mpini wa mkono wa kushoto, waya mbili zinavuta, na pinioni ndogo ndani ya injini inachagua gia. Ni hivyo tu. Wanaume waliicheka. Hazikufika mia mbili katika mji huu.

Shemeji hupanda Kobe. Hawezi kupanda nyingine.

Ili kueleza sababu, Kamusi hurudi nyuma miaka kumi na minane, kwenye Jumamosi moja yenye foleni ndefu dirishani. Shemeji alikuwa na miaka ishirini na minane, na alikuwa tarishi wa ofisi moja, mwenye Tarishi ya bluu iliyokuwa bado mpya. Alikuja kutaka waya wa breki ya mbele. Kamusi hakufungua kitabu cha vipuri. Hakuwa amekifungua kwa miaka mingi. Aliitamka namba kichwani, akanyoosha mkono, akampa.

Mwaka ule kiwanda kilikuwa kimefanya mabadiliko yale machache kwenye Tarishi. Usukani uliinuliwa kidogo. Waya wa breki ukaongezwa urefu wa vidole viwili. Namba ikabaki ileile, ila mwishoni iliongezwa herufi B.

Kamusi alitoa waya usio na herufi.

"Ulikaa," anasema. "Hicho ndicho kilichotuua. Ungekataa kukaa, angerudi dirishani, angenitukana, ningempa mwingine, tungecheka. Ulikaa vizuri kabisa."

Waya ule mfupi haukuwa na kosa pikipiki ikienda mbele. Kosa lake lilionekana usukani ulipokatwa hadi mwisho: ulijivuta wenyewe na kufunga breki. Siku ya nne, kwenye njia panda, shemeji alikata kona kali kukwepa mkokoteni. Gurudumu la mbele likasimama. Lori lililokuwa nyuma yake halikusimama.

Alikaa hospitali miezi saba. Mguu uliokolewa, goti likafa.

Shemeji anasikiliza habari hii huku akichokonoa uchafu kwenye meno ya kigurudumu kingine. Ameshaisikia mara nyingi.

"Miaka yote ile nilikuwa nikimuuliza," anasema, "'Shemeji, goti langu liko rafu ya ngapi? Namba yake unaikumbuka?' Na yeye hajibu. Mtu gani huyu haelewi utani wa mashemeji?"

"Utani gani huo," anasema Kamusi.

"Ni utani. Ungekuwa ugomvi ungeujua. Ningekuja na gongo."

Dada yake, mke wa Kamusi, anasema ameishi katikati ya utani huo kwa miaka kumi na minane na bado hajui aukalie upande gani. "Mmoja ni mume wangu, mwingine tumenyonya ziwa moja," anasema. "Nikimlilia huyu, yule anaona nimemhukumu. Kwa hiyo silii. Napika, nawaita wote wawili, wanakula kimya."

Baada ya ajali, Kamusi alifanya mambo mawili. La kwanza, alinunua Kobe mbili mbovu, moja iliyogongwa mbele na nyingine iliyogongwa nyuma, na fundi mmoja mzee akaziunganisha kuwa moja. Kwa pikipiki hiyo shemeji alipata kazi ya kusambaza mikate. Kila alfajiri hubeba mikate mia mbili na arobaini na kuipeleka kwenye maduka kumi na tisa. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu. Skuta mpya zisizo na gia zipo madukani, lakini bei ya moja ni mshahara wake wa miezi ishirini na sita.

Jambo la pili, Kamusi alijiwekea sheria. Tangu siku ile, hakuna kipuri kilichotoka stooni bila mteja kuleta cha zamani. Namba haikutosha. Boksi halikutosha. Cha zamani na kipya viliwekwa kwenye kaunta, vikapimwa, vikalinganishwa. Wateja walilalamika, mafundi walimwita Hakimu, meneja alimwandikia barua mbili za onyo. Hakubadilika.

"Kumbukumbu yangu ilishamvunja mtu," anasema. "Sikuiamini tena. Niliamini chuma juu ya chuma."

Miezi miwili iliyopita, gia ya tatu ya Kobe ilianza kuchomoka yenyewe. Shemeji akawa anaendesha kwa gia ya kwanza na ya pili tu. Mikate ilifika ikiwa imechelewa, lakini ilifika. Pinioni, baada ya miaka kumi na saba ya kazi, ilikuwa imekula meno yake.

Wakati huohuo wakala naye alikuwa anakata roho kwa madeni. Mahakama ikamweka mfilisi, mwanamke mtaratibu mwenye miwani, ambaye wafanyakazi wote wanasema hakumpandishia mtu sauti. Alihesabu samani, akahesabu magari, akafika stooni. Akaona vipuri vya pikipiki ambazo hazitengenezwi tena. Akaviuza vyote kwa uzito. Kilo moja ya stoo ya Kamusi ilikwenda kwa bei ya mikate miwili. Lori la mnunuzi lilipangwa kuja Ijumaa, saa sita mchana.

Jumanne ya wiki hiyo Kamusi alikwenda kumwona.

"Mzee wangu, vyote vimeshauzwa," mfilisi alimwambia. "Unahangaikia kitu chenye ukubwa wa kifungo?"

"Ni mguu wa mtu, mama."

Mfilisi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Kimoja," akasema. "Nitaandika kwamba umepewa kama kumbukumbu ya utumishi wako. Vikiwa viwili nitaulizwa. Niletee namba, nitasaini sasa hivi."

Hapo ndipo ilipoanza shida, na Kamusi anaisimulia polepole, kana kwamba kuna mahali ndani ya kisa hicho ambapo bado anaweza kusimama na kugeuka.

Stooni zilikuwa zimebaki pinioni mbili za Kobe. Kobe zenyewe zilikuwa za aina mbili, za mwanzo na za baadaye. Pinioni zake zilifanana kwa macho, kila moja na meno ishirini. Tofauti ilikuwa kwenye tundu la katikati, ambalo katika aina ya pili lilikuwa jembamba kwa unene wa ukucha. Namba ilikuwa moja. Aina ya kwanza iliishia na A, ya pili na B, na stooni ilibaki moja ya kila aina. Unyevu wa stoo ulikuwa umekula pembe za karatasi. Kwenye maboksi yote mawili, mahali pa herufi palikuwa na ukungu.

Hata kama zingesomeka, zisingemsaidia. Kobe ya shemeji iliunganishwa kutoka kwa mbili, na fundi aliyeiunganisha alishafariki. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua pinioni iliyokuwa ndani ni ya aina gani.

"Basi chagua tu, mzee," mfilisi alisema. "Nusu kwa nusu."

"Mama," Kamusi alimjibu, "mimi nilishawahi kuchagua."

Akaomba apewe hadi Ijumaa asubuhi. Atakuja na cha zamani mkononi, alinganishe, achukue kimoja kilicho sahihi. Mfilisi akakubali. Kamusi akayarudisha maboksi yote mawili kwenye rafu.

"Zilikuwa mkononi mwangu," anasema. "Zote mbili. Shati lina mfuko. Hakukuwa na mtu stooni ila mimi na panya." Anapangusa kipande kingine. "Waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwahi kufanya kazi stoo."

Ili kupata cha zamani ilibidi injini ifunguliwe. Pikipiki iliyokuwa bado inatembea ikalazwa chini. Alhamisi, baada ya mikate kufika madukani, Kamusi aliomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, akaenda nyumbani kwa shemeji. Alitundika koti lenye simu kwenye msumari wa ukumbini, akakunja mikono ya shati. Walifanya kazi uani, juu ya gunia, kuanzia saa tatu.

Saa nane waliifikia pinioni. Ilikuwa imeshikana na kijiti chake kwa kutu.

"Igonge," shemeji alisema.

"Taratibu."

"Shemeji, tangu asubuhi unasema taratibu. Nati nimezifungua taratibu, oili nimemwaga taratibu, hata chai umeninywesha taratibu. Igonge!"

Kamusi aliweka kipande cha ubao juu yake na kupiga nyundo mara moja, kidogo. Kilichosikika hakikuwa kishindo. Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa kikombe. Pinioni ilitoka kwenye kijiti ikiwa vipande viwili.

Shemeji aliviokota vipande, akaviunganisha kiganjani. Kisha akasema, "Haya, daktari. Mgonjwa wako amefia mezani."

Kamusi alichukua rula ya chuma, akapima tundu. Akapima tena. Ilikuwa B.

"Nilifurahi," anasema, na neno hilo linaonekana kumwuma. "Ukweli niseme. Nilifurahi kwa sababu sasa tulijua. Nilimwambia, 'Kesho saa mbili na nusu utakuwa nayo.' Nililala vizuri siku ile."

Saa ileile walipokuwa wakiigonga pinioni, lori la mnunuzi lilikuwa limeegeshwa mbele ya stoo. Ijumaa lilikuwa limepata mzigo mwingine, kwa hiyo likaja siku moja kabla. Mfilisi alimpigia Kamusi simu mara mbili. Simu iliita ndani ya koti, ukumbini, na waliokuwa uani walikuwa na nyundo.

Ijumaa saa mbili na robo Kamusi alifika akiwa na vipande viwili ndani ya leso. Mlinzi alimwona kwa mbali, akasimama.

"Walikuja jana, Kamusi. Nilidhani unajua."

Kamusi hakuuliza kuhusu vyuma. Aliuliza, "Maboksi?"

"Waliyararua palepale uwanjani. Karatasi wanaiuza kwingine, chuma kwingine. Wakamwaga tu kwenye lori kwa makoleo."

Mlinzi anasema alimshika mkono, akidhani ataanguka. Hakuanguka. Aliingia stooni, akatembea kati ya rafu tupu hadi ya nne, iliyokuwa ya Kobe, akapitisha kiganja juu ya ubao. Kisha akatoka.

Mtu wa nje angedhani kwamba vyuma ni vilevile, vimehama mahali tu. Kamusi alielewa zaidi. Namba zilikuwa kwenye maboksi. Chuma chenyewe hakikuandikwa kitu. Namba elfu tatu mia nne na kumi alizozibeba kichwani kwa miaka thelathini na mmoja hazikuwa tena na mahali pa kukaa.

Mchana huo alipeleka vipande kwa fundi wa mashine ya kukereza. Fundi aliviweka mezani, akavisogeza kwa kidole, akasema kutengeneza kingine kutachukua wiki tatu na kutagharimu mshahara wa shemeji wa miezi mitatu, na kwamba meno yakishalika hivi hana cha kuigiza. Alipeleka kwa mchomeleaji. Huyo alivitazama, akavirudisha bila kusema bei.

Wenye mikate nao wamesema. Ijumaa na Jumamosi walimpa shemeji mtu wa kumsaidia. Wataendelea hivyo hadi Jumanne. Jumatano, kama Kobe haijasimama, maduka kumi na tisa yatapewa mtu mwenye pikipiki nyingine na miguu miwili.

Ndiyo maana wako hapa.

Jua limepanda. Kamusi amevua shati la kola, amelikunja vizuri juu ya koti. Amebaki na fulana. Tangu jana alasiri ameshapitisha mikononi kilo mia tatu, kwa hesabu yake. Lundo lina tani nne. Amepata pinioni tisa. Sita zilikuwa za Mke Mwenza. Mbili zilikuwa za kitu ambacho hata yeye hakukitambua.

Ya tisa ilikuwa na meno ishirini.

Shemeji aliyahesabu mara mbili kabla ya kusema. Kamusi alisimama kutoka kwenye debe. Aliichukua, akaipangusa, akaweka juu yake nusu mbili za ile ya zamani, tundu juu ya tundu. Aliziinua dhidi ya mwanga. Tundu la hii lilikuwa pana zaidi, kwa unene wa ukucha.

"A," alisema.

"Haitakaa hata ukisokomeza kitambaa ndani ya tundu?" shemeji aliuliza.

"Itakaa."

Wakatazamana.

"Itakaa," Kamusi alirudia. "Itakaa wiki, labda mbili. Halafu itateleza ukiwa kwenye mteremko, na mikate mia mbili na arobaini mgongoni."

Shemeji alinyoosha mkono. "Nipe mimi. Mguu ni wangu."

Kamusi hakumpa. Aliishika muda mrefu, kisha akaitupa upande wa kushoto, mbali, ambako isingerudi mkononi kwa bahati mbaya. Shemeji alitukana, tusi moja tu, la watu wazima. Kisha akalia, akiwa ameutazama ukuta. Kamusi alikaa tena kwenye debe akachukua kipande kingine.

Saa tisa msimamizi wa yadi alikuja akizungusha funguo kidoleni. "Mzee, saa kumi nafunga," alisema. "Kesho hatufungui. Jumatatu lori likiingia, hakuna mteja anayeruhusiwa ndani. Watakugonga na makoleo."

"Nani anaruhusiwa?"

"Vibarua."

Kamusi alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Alikwenda kwenye kibanda cha karani, ambako majina ya vibarua wa Jumatatu yalikuwa yakiandikwa. Malipo ni ya siku, na hayafiki theluthi ya alichokuwa akipata kwa siku stooni. Vibarua watakuwa wanane. Kila mmoja atasimama upande wake wa lundo na kupakia. Hata akifanya kazi bila kupumzika, chuma kitakachopita mikononi mwake ni sehemu moja kati ya nane.

Shemeji alimfuata hadi mlangoni akiegemea gongo lake. "Na mimi niandikishe," alimwambia karani. "Nitakaa. Nahesabu vizuri."

Karani, msichana mwenye kalamu mbili kwenye nywele, alimtazama mguu, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia Kamusi na kumpima kwa macho, kuanzia kola hadi viatu.

"Na wewe, mzee? Hii kazi ni ngumu. Umewahi kushika vyuma?"

"Kidogo," Kamusi alijibu.

Karani aliandika. "Jumatatu, saa kumi na mbili kamili. Glavu unakuja nazo mwenyewe."

"Sitavaa glavu," alisema Kamusi. "Nikivaa sitahisi tundu."